Uwanjani Kwetu Hakuna Aliyetoka

Vijana wa idara ya viwanja, siku mliponiaga mliniomba niwaachie maneno mawili matatu ya kazi. Pale nilishindwa. Soda zilikuwa za moto, na Afisa Utamaduni alikuwa ameshahutubia mpaka watu wakaanza kukuna magoti. Sasa niko nyumbani Nyasura, muda ninao mwingi kuliko kazi, mke wangu Nyangeta amelala kaburini nyuma ya nyumba, na ng'ombe za mdogo wangu hazipendi hadithi. Basi naandika.

Vyeo sitaviandika, kwa sababu nilikuwa na kimoja tu, mtunza uwanja, nikaingia nacho nikaondoka nacho. Mshahara mnaujua, ndio huo huo mnaolalamikia. Nitaandika habari za uwanja ule wa Musoma mnaouita uwanja wa mbuzi, na lile rola la chuma mnalokalia mkivuta sigara. Ule ulikuwa uwanja wa kriketi. Rola hilo lilikuwa kiti changu, na nililikalia miaka yote hiyo nikimngoja mtu mmoja arudi amalize mchezo wake. Nataka mlijue hilo kabla hamjaliuza kwa watu wa vyuma chakavu.

Nilifika Musoma miezi michache kabla ya Uhuru. Nilitoka kuvuna pamba ya baba yangu hapa Bunda, nikitafuta kazi ya kiwanda, kiwanda kikasema hakina nafasi. Mtu mmoja akanielekeza upande wa Makoko, kwamba klabu ya Wahindi wanatafuta kijana wa kukata majani. Nilimkuta Mzee Masatu, Mjita mfupi mwenye mikono mirefu, amechuchumaa katikati ya uwanja anaikwangua ardhi kwa kisu. Hakunisalimia. Aliniangalia miguu kwanza.

"Vua viatu, mura," akasema, yaani kijana.

"Mzee, sina viatu."

"Vizuri. Nusu ya kazi umeshaijua."

Nusu ya pili ilichukua miaka. Katikati ya uwanja ule kulikuwa na kipande kirefu chembamba, hapo ndipo mpira unapodundia, na wenyewe walikiita wiketi. Hakikuwa cha majani. Kilikuwa udongo wa kichuguu, na siyo kichuguu chochote. Mzee Masatu alikuwa na vichuguu vyake upande wa Butiama, tulikwenda na lori la klabu kuvichimba, tukarudi tukipepeta udongo kama unga wa ulezi. Unaumwagia maji jioni, asubuhi unauburuzia rola mpaka unakuwa mgumu kama sakafu ya benki. Halafu unatandika juu yake mkeka mnene wa makumbi ya nazi, unaukaza kwa misumari mirefu pembeni. Mkeka ukilegea kidogo mpira unaruka na kumvunja mtu pua. Nimeona pua mbili, zote za wageni, kwa hiyo hatukufukuzwa kazi.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa kiboko. Nilifika asubuhi nikakuta ametoka ziwani, amekula majani ya pembeni, akapita juu ya wiketi iliyokuwa imelowa kama anakwenda ofisini. Mashimo ya miguu yake yangetosha kulaza mtoto. Nilikaa chini nikataka kulia. Mzee Masatu alikuja, akayaangalia, akatema mate kidogo kwenye kila shimo kama wazee wa kwetu wanavyobariki, akasema, "Leta udongo." Tukaziba mpaka mchana. Jumapili hiyo timu yetu ikashinda, na kuanzia hapo kila mechi kapteni akamwomba Mzee Masatu apite kwenye wiketi ateme mate. Kapteni huyo ni Yusufu, fundi wa magari, mrefu, mwenye ndevu, Mwislamu wa swala tano. Nilimuuliza kama hiyo siyo ushirikina. Alinikasirikia kweli.

"Ushirikina ni dhambi, Magesa," akasema. "Hii ni kriketi."

Ndiyo nikaanza kuwajua wachezaji wa kriketi. Nimefanya kazi na wacheza mpira wa miguu, na wakimbiaji, na watu wa gwaride, lakini sijaona watu wenye miiko kama wale. Mama yake Kanti, ambaye habari za mwanawe nitazieleza, alitundika limau na pilipili kwenye mlango wa banda la wachezaji, na ole wake aliyezigusa. Yusufu hakufua soksi kutoka mechi ya kwanza ya msimu mpaka ya mwisho. Soksi zile zilianza kujitegemea kabla ya taifa. Mwingine alikuwa lazima aingie uwanjani wa mwisho, na siku moja wakawa wawili wanaotaka kuwa wa mwisho, wakasimama mlangoni wakipishana kwa adabu mpaka mwamuzi akaja kuwavuta. Wote walikuwa na kazi zao mjini, maduka, gereji, zahanati, watu wazima na akili zao. Jumapili walikuwa kama wameazimana kichwa kimoja chenye homa.

Mimi nilicheka, mpaka siku waliponiingiza na mimi.

Mzee Masatu alikuwa ameshakwenda kwao kuzeeka. Timu yetu ilikuwa inapiga, na hali ilikuwa mbaya, kila mtu anaingia na gongo lake na kurudi nalo. Gongo la kupigia mpira nasema, hilo lingine mnalijua wenyewe. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, mbali na banda, nimechomwa na mbigili kwenye kisigino, nikakaa kwenye rola kuichomoa. Mbigili ilikatika ndani. Wakati naihangaikia, wapigaji wetu wawili wakashikilia, mpira ukaanza kwenda mpaka barabarani. Nilipomaliza nikasimama ninyooshe mgongo. Hapo hapo mmoja akaangushiwa vijiti vyake, vile anavyovilinda nyuma yake. Nikasikia sauti ya Yusufu kutoka ng'ambo, watu wote wakageuka.

"Magesa! Kaa!"

Nikakaa. Tukashinda. Na kuanzia Jumapili hiyo, wetu wakiwa wanapiga, mahali pangu palikuwa pale. Chuma kikipigwa na jua la Musoma mnakijua, niliomba niweke gunia, wakafanya kikao, wakakubali, lakini liwe gunia hilo hilo siku zote. Siku moja mhudumu aliniletea chai, akanipa kikombe tu, mpigaji wetu akadakwa mpira wake. Chai ikaisha. Mtu mwingine alikuja kuniuliza habari za nyumbani, mwingine akadakwa. Habari za nyumbani zikaisha. Ikawa hakuna anayeruhusiwa kunisogelea wala kuniongelesha. Nilikuwa naona ng'ambo wanacheka, wake zao wanagawa bhajia, watoto wanakimbizana, na mimi niko peke yangu na gunia langu, nyuma yangu ziwa. Watu wote walinihitaji na hakuna aliyekuja. Nasema wazi, ule ulikuwa upweke. Nyangeta alipokuwa anakuja kutoka Nyasura kunitembelea alisimama nyuma ya michongoma akinicheka.

"Ina maana unalipwagwa kukaa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi ningekuja kukaa mimi, wewe ukapalilia pamba."

Sasa nije kwenye neno. Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa neno moja. Kwenye kriketi mpigaji akishindwa, akiangushiwa vijiti au akidakwa, wanasema ametoka. Kama hajashindwa, hajatoka. Sasa Kiswahili chetu hilo neno kinalitumia kwa kila kitu. Siku moja tarishi alikuja akamuuliza mtu wa ubao wa mabao kama daktari wa zahanati yupo. Yule akajibu bila kufikiri, "Ametoka sasa hivi," maana daktari alikuwa ameenda kujisaidia. Mpira uliofuata, mpigaji wetu chali. Yusufu alimfuata tarishi wa watu mpaka getini.

Tangu siku hiyo, timu yetu ikiwa inapiga, uwanja mzima ulikatazwa kusema kitu chochote kimetoka. Chai imetoka? Bado. Mchezaji wa pili ametoka nyumbani? Bado. Hata kama unamwona amekaa mbele yako, bado. Siku moja karani mmoja wa Bunda, mtu mpole na mkoba wake, alikatiza pale akawauliza wa banda, "Samahani, basi la Bunda limetoka?" Wote kwa pamoja, kama kwaya, "Bado!" Akashukuru, akapewa kiti, akaangalia mchezo asioelewa hata kidogo mpaka mwisho. Basi lilikuwa limeondoka wakati anauliza, walikuwa wamelisikia kwa masikio yao. Karani alilala kwenye banda chini ya limau na pilipili, na mimi ndiye niliyempikia ugali na sato. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo kwenu bado maana yake ni imeshaondoka?" Nikamwambia ndiyo, ukiisikia bado hapa, kimbia.

Nilicheka usiku ule. Sikujua kwamba ndilo litakalokuja kunikuta mwenyewe.

Kanti alikuwa mtoto wa mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Alizaliwa Musoma. Kiswahili chake kilikuwa kama changu, na Kijita alikijua cha kutukania tu, alichofundishwa na wavuvi wa Rukuba waliokuja kununua nguo. Mwembamba, mwenye miwani, na alikuwa mpigaji wetu bora. Siku za kazi akifunga duka alikuja uwanjani peke yake na gongo lake, nami nikamrushia mipira mpaka jua likaribie maji. Hapo ndipo nilipokuwa naongea. Siku za mechi nilikuwa bahati, siku za kazi nilikuwa mtu.

Aliniambia mambo. Kwamba baba yake anataka aoe binti wa Kampala ambaye hajamwona. Kwamba alichukua uraia siku za mwanzo mwanzo kabisa, baba yake akamwita mjinga. Kwamba mjini Waafrika wanamwona Mhindi, na akienda kwa ndugu zake wa Uingereza wanamwona Mwafrika. "Ndiyo maana nataka ukae kule kwenye rola," aliniambia. "Siyo bahati, Magesa. Nikiinua kichwa namwona mtu ninayemjua."

"Kwa hiyo huamini?"

"Naamini sana," akasema akicheka. "Kaa."

Pedi, ile kinga ya miguu, ya kushoto aliivaa kwanza, siku zote. Kabla ya kuingia alizunguka uwanja mzima, akaja mpaka kwangu, akagonga rola kwa gongo, ngo, bila kuniangalia wala kunisalimia, akaenda zake katikati. Hiyo tu ndiyo salamu niliyopata Jumapili, na niliisubiri wiki nzima.

Kitu kimoja kilimsumbua. Hajawahi kufika mia. Mpigaji akifikisha mbio mia peke yake ni sherehe, anainua gongo, watu wanasimama. Kanti alishafika themanini, alishafika tisini, mia ikamkimbia. Siku moja nikimrushia mipira alisimama akavua miwani.

"Sikiliza. Nikifika mia, wewe unashuka kwenye rola. Unakuja mpaka katikati, miguu peku hivyo hivyo, tunapeana mkono mbele ya watu wote. Nimeshamwambia Yusufu, amekubali."

"Na bahati itakuwaje?"

"Mia ikishafika, bahati itakuwa yako. Utakaa na sisi, utakunywa chai."

Mtanicheka, lakini hicho ndicho kilichonikalisha pale. Siyo mshahara. Nilitaka kushuka kwenye kile chuma, nivuke majani yale niliyoyakata mwenyewe, nifike katikati watu wakiniona. Nilimtaka Kanti afike mia kuliko alivyotaka yeye.

Likaja Azimio la Arusha, tukawa ndugu wote. Ndugu Yusufu, ndugu Kanti, ndugu Magesa. Kwenye mechi nilikuwa ndugu wa mbali. Halafu nyumba zikataifishwa. Duka la baba yake Kanti lilikuwa ghorofa, na ghorofa likachukuliwa. Sisemi lilikuwa kosa wala lilikuwa haki, mimi mtu wa kichuguu, lakini niliona jinsi timu ilivyopungua. Jumapili hii mrushaji hayupo, ijayo mdaka mpira hayupo. Hakuna aliyeaga. Na banda zima ukiuliza, "Fulani ametoka?" unajibiwa, "Bado." Yusufu akaanza kuchukua walimu na polisi kujaza nafasi. Walikuwa watu wazuri, lakini walimuuliza kwa nini yule mzee kule haji kula. Nilikuwa sijawa mzee wakati huo, jua ndilo lilinizeesha.

Baba na mama yake Kanti walikuwa wa mwisho mwisho kuondoka. Mama alikuja uwanjani, akatundika limau mpya na pilipili mpya, akavuka nyasi mpaka nilipo. Haikuwa siku ya mechi. "Magesa," akasema, "mtoto yangu nabaki. Wewe angalia yeye." Nikasema sawa mama. Akanishika kichwa kama anavyomshika mwanawe. Nilikuwa sijashikwa kichwa tangu mama yangu mwenyewe.

Fainali ya kombe ilikuwa na timu ya Mwanza, hapa hapa kwetu. Kanti alizunguka, akagonga rola, ngo. Nikajua mapema kwamba siku yake imefika, maana hakuwa na haraka. Alipiga mpira chini chini, ukipita kati ya watu kama umeelekezwa njia. Wenzake wakatoka mmoja mmoja, yeye amebaki. Ubao wetu ulikuwa wa namba za bati zinazotundikwa kwenye misumari. Nikaona sabini. Nikaona themanini na kitu. Hakuna aliyetikisika ng'ambo, watu wamebanwa na mkojo na wanakaa. Tisini na sita. Nilishika gunia kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshaanza kujipangusa vumbi miguuni kwa kuiparuza kwenye rola, nisifike katikati mchafu.

Mvua ya ziwani haina hodi. Niliisikia mgongoni kabla sijaiona, halafu kila kitu kikawa cheupe. Watu walikimbilia bandani, Kanti mwenyewe alikimbia, gongo amelificha kifuani. Mimi sikuondoka. Hakuna aliyeniambia niondoke, na wetu alikuwa bado anapiga, hata kama mvua ndiyo inamrushia mipira. Nililowa mpaka mifupa. Mwamuzi akasema mkeka hautakauka leo, timu ya Mwanza ikakubali irudi Jumapili ijayo kumalizia. Kanti anabaki na tisini na sita zake, hajatoka.

Wiki ile niliuanika mkeka kila siku, nikiugeuza kama mtu anayeanika dagaa. Alhamisi Kanti alikuja. Hakuwa na gongo. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi, akasimama nje ya majani kwa sababu alijua nitamfokea.

"Mkeka unakauka?" akauliza.

"Jumapili utadunda kama ngoma."

"Utakuwepo?"

"Mimi niende wapi?"

Akacheka kidogo. Mjini watu walikuwa wanasema, na mimi masikio ninayo. Nikasema nimuulize tu, nijue. Nikamuuliza kama mtu anavyouliza mtu, nikasahau niko wapi. "Kanti, watu wanasema unaondoka. Kweli unatoka?"

Aliangalia rola, akaangalia ziwa, hakuniangalia mimi.

"Bado," akasema.

Nikafurahi! Ndugu zangu, mimi niliyempikia ugali karani wa Bunda, mimi niliyejua kuliko mtu yeyote bado ya pale maana yake nini, nilifurahi. Nikarudi kugeuza mkeka nikipiga mluzi. Yeye akavua viatu, akavuka majani na soksi, akagonga rola kwa kidole, ngo, akaenda zake. Jumamosi aliondoka na meli ya Kisumu.

Jumapili Mwanza walikuja. Mkeka ulikuwa umekauka vizuri, misumari imekazwa. Nilikaa. Nilijua, maana mji mzima ulijua, lakini nilikaa, nikasema huenda meli imeharibika njiani, meli zinaharibikaga. Mwamuzi alimwambia Yusufu kwamba mpigaji asiporudi inaandikwa ametoka, mchezo uendelee. Sauti ya Yusufu niliisikia mpaka kwangu.

"Andika unachotaka kwenu Mwanza. Hapa hajatoka!"

Wakabishana, wakachoka, Mwanza wakala bhajia chache zilizokuwepo, wakaondoka na kombe mfukoni mwa basi lao. Ubao ukaachwa na tisini na sita. Jua lilipozama Yusufu alisimama ng'ambo akaniangalia muda mrefu. Hakuniambia shuka, nami sikuomba. Nililia pale juu, jua la mwisho likiniona, na sijawahi kulia vile kabla yake.

Baada ya hapo kriketi ikafa. Klabu ikawa mali ya halmashauri, na mimi nikawa mali ya halmashauri. Wakaja vijana wa mpira wa miguu, likaja gwaride, ikaja mikutano. Mkeka wa makumbi ulitandikwa jukwaani kwa ajili ya wageni wa heshima na haukurudi. Miaka ya foleni za madukani namba za bati ziling'olewa, nadhani zimeziba paa la mtu huko Makoko. Tisa iliondoka kwanza. Sita ikabaki na msumari mmoja, upepo ukiipindua inakuwa tisa, ukiiacha inakuwa sita. Nyumbani Nyasura tulihamishwa na operesheni ya vijiji, Nyangeta akabeba milango kichwani, mimi niko Musoma nachora mistari ya chokaa. Mambo mengi ya mke wangu niliyakosa hivyo.

Kila Jumapili jioni nilikaa kwenye rola. Mtasema mzee aliharibikiwa. Sijui. Mtu akiahidiwa kushuka, lazima awepo juu. Shemeji yangu alipokuja kunipa habari mbaya kutoka nyumbani alinikuta hapo hapo. Alisema, "Shemeji, Nyangeta ametutoka." Nikamkemea, nikamwambia hilo neno halisemwi hapa! Masikini alishangaa. Ndipo nikasikia alichosema, nikaanguka kifudifudi kwenye majani. Mke wangu alistahili nilie kwanza.

Kwa hiyo upweke ulipozidi, nilizidi kukaa. Nilijifunza kuona gari lolote geni barabarani, mtu yeyote mwenye miwani. Kanti hakuniandikia, na sikumlaumu, angeandika nini. Kuaga ni kusema umetoka. Nilijiambia yuko huko kwenye baridi anangoja mkeka ukauke.

Kapteni Yusufu hakuondoka Musoma. Gereji yake ndogo haikutamaniwa na mtu. Tulikutana sokoni, tukasalimiana, tukaulizana hali, jina la Kanti hatukulitaja. Uwanjani hakukanyaga tena.

Mpaka mwezi wangu wa mwisho wa kazi. Ilikuwa Jumapili, jua linateremka, niko juu ya gunia. Sio lile la zamani, lile lilioza, hili nalo ni la zamani sasa. Nikamwona anakuja kutoka upande wa barabara, ndevu nyeupe, kofia mkononi. Hakuzunguka pembeni. Alipita katikati, kwenye mbuzi, akafika pale ilipokuwa wiketi, akasimama, akaangalia chini. Halafu akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akageuka, akakaa kwenye rola.

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kukaa na mimi pale. Yeye ndiye aliyekataza. Chuma kilikuwa cha moto, nikamsogezea nusu ya gunia.

Tulikaa. Mbuzi walikuwa wanakula nyavu za goli. Mikono yake ilinuka grisi.

"Posta waliniita jana asubuhi," akasema. "Mdogo wake Kanti alipiga simu kutoka Uingereza."

"Anasemaje?"

Aliikunja ile kofia, akaikunjua, akaikunja tena. Nikaona nimsaidie, maana alikuwa mtu mzima na mimi pia, na hakuna tena timu ya kulindwa. Nikalitamka mwenyewe neno ambalo sikulitamka pale tangu ile Alhamisi.

"Kapteni. Kanti ametoka?"

Akaangalia ubao, kwenye ule msumari mmoja.

"Bado," akasema. "Bado, Magesa. Tisini na sita, hajatoka."

Safari hii niliielewa bado yake, nikaweka mikono kwenye chuma nishuke. Niliona sasa nimeruhusiwa, niende katikati hata peke yangu, miguu ilikuwa imeshagusa majani. Yusufu akanishika goti, analia waziwazi kama mtoto.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.